Kidonge cha Nyanya Esnah

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Gesare alikuwa ameshachochea moto, amekoroga uji wa wimbi na kuumimina kwenye bakuli la bati upoe. Saa hiyo mamake ameshatoka. Wachuma chai wa Kimulot hawalingoji jua. Jua huwakuta shambani, vikapu mgongoni, aproni za plastiki zimelowa umande hadi magotini. Nyumba yao ya kambi ilibaki na watu wawili tu: Gesare, msichana wa miaka kumi na miwili, na Nyanya Esnah, mama wa mamake.

Uji ukishapoa, ilifuata kazi ambayo Gesare aliionea fahari kuliko zote. Alipanda kigoda, akashusha kopo kuukuu la majani ya chai lililokaa juu ya kabati, akatoa bahasha ndogo ya dawa. Macho ya Nyanya Esnah yalikuwa yamechoka. Maandishi madogo yalimchezea kama siafu. Gesare ndiye aliyemsomea.

"Soma jina," nyanya alisema kila mara, ingawa hapakuwa na mgonjwa mwingine nyumbani.

"Esnah Nyamweya."

"Basi ni yangu. Lete."

Gesare alikumbuka vizuri hali ilivyokuwa kabla ya dawa hiyo. Mwaka uliopita nyanya alikuwa hawezi kushika kikombe. Mikono ilitetemeka, chai ikamwagikia leso. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kifuani, akisema kwamba moyo wake unakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Shingo ilikuwa imevimba kidogo. Walipompeleka hospitali, daktari alisema tezi ya shingoni ndiyo iliyokuwa ikiuchochea moyo. Akamwandikia dawa ya tezi, na nyingine ya kuupunguzia moyo mbio wakati tezi ikitibiwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyomshangaza Gesare. Hazikupita siku nyingi nyanya akaanza kushona vitambaa tena, sindano imetulia mkononi kana kwamba haijawahi kutetemeka.

Tangu hapo, moyoni mwa Gesare, kidonge kile kilikuwa muujiza. Kilimtuliza nyanya. Kingeshindwa kumtuliza nani?

Mlango wa tatu kutoka kwao aliishi rafiki yake, Beverly. Babake, Gordon, alifanya kazi Kisumu na alirudi mwisho wa mwezi. Mamake, Jerusa, alifanya kazi kiwandani, sehemu ya kukaushia majani. Beverly na Gesare walikuwa Gredi ya Sita, dawati moja. Beverly alikuwa na pumu. Haikuwa ikimsumbua sana, ila baridi ya Mau ikizidi au moshi wa kuni ukimwingia, kifua kilianza kulia kama filimbi. Basi alitoa pampu yake ya dawa, ya buluu, mfukoni, akavuta, akashusha pumzi, na mchezo ukaendelea. Gesare alikuwa ameiona pampu hiyo mara nyingi hata hakuiogopa tena.

Beverly alikuwa na sauti. Akikariri shairi, watoto waliacha kutafuna. Mwalimu Chepkemoi, mwalimu wao wa Kiswahili, alimtungia shairi kuhusu msitu wa Mau na kumwingiza kwenye tamasha la muziki na mashairi. Lakini sauti ni kitu kimoja na jukwaa ni kitu kingine. Katika raundi ya kwanza, Beverly alipanda jukwaani akaanza kutetemeka hadi watu wa mstari wa mbele wakamwona. Alisahau ubeti wa pili. Mtoto mmoja akacheka, wengine wakafuata. Alianza upya na kupita kwa tundu la sindano, lakini njia nzima ya kurudi alilia kimyakimya.

Sasa raundi iliyofuata ilikuwa imefika. Jioni ya kuamkia tamasha, wasichana hao wawili walikaa kwenye ngazi za nyumba, wakimenya viazi.

"Siendi," Beverly alisema.

"Utaenda. Mwalimu ameshaandika jina lako."

"Moyo wangu unapiga tangu jana. Weka mkono hapa usikie. Nikiwaona wale watu nitatetemeka, nitasahau, na watacheka tena."

Gesare aliweka mkono, akasikia. Moyo wa Beverly ulidunda kweli. Hapo wazo likamjia, na lilipomjia lilionekana jema kabisa, wazo la rafiki wa kweli.

Asubuhi alimpa Nyanya Esnah kidonge chake kama kawaida. Nyanya akameza, akageuka kuupuliza uji. Gesare alikuwa bado juu ya kigoda, bahasha mkononi. Vidole vyake vilisita. Nyanya alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba dawa si peremende. Lakini hakuwa akichukua ili acheze nayo. Alikuwa akienda kumsaidia mtu. Alitoa kidonge kingine, akakifunga kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni mwa sweta.

Tamasha lilikuwa kwenye shule jirani, ng'ambo ya bonde. Wanafunzi walitembea kwa makundi kati ya mashamba ya chai, Mwalimu Chepkemoi akitangulia na mwavuli. Gesare alimvuta Beverly nyuma kidogo, akafungua karatasi.

"Meza hii."

Beverly alikitazama kile kidonge. "Ni ya nini?"

"Ya kutuliza moyo. Nyanya alikuwa akitetemeka kuliko wewe. Sasa anashona vitambaa."

"Mama alinikataza kumeza dawa ya mtu."

"Hii si ya mtu, ni ya nyanya. Anameza kila siku na haijamfanya kitu. Na ni kimoja tu."

Beverly alitazama mbele, kule ambako spika za tamasha zilikuwa zimeanza kusikika. Akachukua kidonge, akakimeza kwa maji ya chupa yake.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nani atamwambia?" Gesare akajibu, na wakakimbia kuwafikia wenzao.

Walingoja muda mrefu. Kwanza zilikuja nyimbo za makabila, kisha ngonjera, kisha kwaya moja baada ya nyingine. Gesare alimtazama rafiki yake kila mara. Ajabu, kidonge kilifanya kazi. Beverly alinyoosha mikono mbele, vidole vikatulia. Alitabasamu kidogo. Hata hivyo alijikohoza mara mbili tatu na kujisugua kifua, kama mtu aliyepaliwa na vumbi, lakini ukumbi ulikuwa umejaa watu na vumbi halikukosekana. Gesare hakulifikiria.

Jina la Beverly likaitwa. Akapanda jukwaani taratibu, akainama mbele ya waamuzi, akaanza:

"Msitu ni mama yetu, mbona twamvua nguo?"

Ukumbi ulinyamaza. Sauti ilikuwa ileile ya darasani, wala mikono haikutetemeka. Ubeti wa kwanza ukaisha, Mwalimu Chepkemoi akawa anatikisa kichwa kwa furaha pembeni. Gesare alijisikia kama yeye ndiye aliye jukwaani. Mimi ndiye niliyefanya haya, alijiambia.

Katikati ya ubeti wa pili, Beverly alikatiza neno. Watu walidhani amesahau. Alifungua kinywa, mabega yakapanda, lakini sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa filimbi nyembamba ya kifua, ndefu, iliyosikika hadi viti vya nyuma kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mbele yake. Kisha akashika kile chuma cha kipaza sauti kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Mwalimu Chepkemoi alikuwa wa kwanza kumfikia. Alijua mahali pampu ilipokuwa, akaitoa, akamsaidia kuvuta. Akangoja. Akampa tena. Gesare alikuwa ameshasukuma watu akafika karibu, akisubiri kuona kile alichokiona siku zote: Beverly akishusha pumzi na kufuta machozi. Hakukiona. Beverly alivuta, na kifua kikazidi kubana. Ngozi ya kati ya mbavu ilikuwa ikizama ndani kwa kila pumzi. Macho yake yalikuwa yamemtoka.

"Pampu imeisha?" mtu akauliza.

"Haijaisha," mwalimu akasema, akiitikisa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nataka gari. Sasa hivi."

Mkuu wa shule ile alikuwa na gari lake pale nje. Walimwingiza Beverly kiti cha nyuma, amekalishwa wima, ameegemezwa kifuani kwa mwalimu. Gesare aliingia mbele bila kuombwa na hakuna aliyemzuia. Hospitali haikuwa mbali, lakini barabara ilikuwa imeliwa na mvua, na kila gari lilipoyumba Gesare alisikia ile filimbi nyuma yake ikizidi kuwa nyembamba. Baadaye hata filimbi ikawa haisikiki sana. Alidhani ni dalili njema. Alipogeuka akamwona Mwalimu Chepkemoi analia.

Ndiyo hospitali ileile alikotibiwa Nyanya Esnah. Daktari aliyewapokea, Daktari Nelvine, ndiye aliyemwandikia nyanya dawa. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na mikono myepesi. Alimvalisha Beverly kinyago cha oksijeni, akaunganisha mashine inayotoa dawa kama mvuke, akaita wauguzi. Dawa iliyokuwemo, alimweleza mwalimu, ni ileile ya kwenye pampu, ila kwa wingi zaidi.

"Kwa kawaida huchukua muda mfupi tu," akasema. "Watoto wa pumu tunawapokea kila wiki."

Lakini muda mfupi ukapita, na mvuke ukapita, na kifua cha Beverly kikabaki vilevile. Daktari Nelvine aliinama akakisikiliza kwa kipimo cha masikioni. Kisha akashika kifundo cha mkono wa Beverly na kutazama saa ya ukutani. Gesare aliuona uso wake ukibadilika.

"Hii si kawaida," daktari akasema polepole. "Mtoto anayepigania pumzi hivi, na tena baada ya dawa hii, moyo wake unapaswa kwenda mbio. Huu unatembea. Unatembea kama wa mtu aliyelala." Akamgeukia Mwalimu Chepkemoi. "Amemeza nini leo?"

"Hakuna, Daktari. Ni pampu yake tu. Amekunywa chai shuleni."

"Nyumbani kuna mtu anayetumia dawa? Ya presha? Ya moyo?"

"Mamake yuko njiani. Sidhani."

Beverly hakuweza kusema. Juu ya kinyago, macho yake yaligeuka, yakamtafuta Gesare, yakamkuta amesimama kando ya mlango.

Gesare alikwepa macho hayo. Ile dawa ni ya moyo, alijiambia, na Beverly anaumwa kifua. Haihusiani. Haiwezi kuhusiana. Na nikisema, nitaitwa mwizi, na mwingine ataniita muuaji. Nyanya ataaibika, mama atafukuzwa kambini. Mawazo yote hayo yalimpita kwa mfuatano usio na mwisho, na yote yalimwambia anyamaze.

Daktari akamwona. "Wewe ni rafiki yake? Alikula au kumeza kitu njiani?"

"Mandazi," Gesare akasema.

Neno lilimtoka lenyewe. Halikuwa hata na ukweli nusu. Daktari alikwisha kumgeukia mgonjwa tena.

Muuguzi aliinua mkono wa Beverly ili aweke sindano ya mshipa, na hapo Gesare akaziona kucha. Kucha za Beverly, ambazo jana alizitazama zikimenya viazi, zilikuwa za rangi ya kijivu. Akatazama midomo nyuma ya kinyago. Nayo ilikuwa ya rangi hiyo. Gesare hakuwahi kumwona mtu akifa, lakini kitu ndani yake kikamwambia kwamba ndivyo inavyoanza.

"Nilimpa kidonge," akasema.

Hakuna aliyesikia. Akasogea hadi kitandani, akamshika daktari koti.

"Daktari, nilimpa kidonge cha nyanya. Cha moyo. Alikuwa anaogopa jukwaa, na kinamtulizaga nyanya."

Chumba kizima kilimgeukia.

"Nyanya yako ni nani?"

"Esnah Nyamweya. Anakuja kliniki hapa. Kwenye bahasha imeandikwa propranololi."

Daktari Nelvine hakumkaripia. Hakuwa na nafasi ya kumkaripia. Alimwuliza ni kimoja au zaidi na alimeza lini, kisha akaanza kuwaagiza wauguzi kwa haraka, na kila mtu akawa anatembea upesi kuliko kwanza. Waliongeza kwenye mashine dawa ya aina nyingine kabisa. Waliingiza nyingine polepole kwenye mshipa, wakaunganisha waya za kuutazama moyo. Daktari alipiga simu kwa mkubwa wake wa hospitali kubwa ya Kericho, akazungumza kwa sauti ya chini bila kuondoa macho kwa Beverly. Kisha muuguzi akawatoa Gesare na mwalimu nje.

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba. Mwalimu Chepkemoi alimpa mgongo. Gesare angependa achapwe, au apigiwe kelele, kuliko mgongo ule. Jerusa akafika akikimbia, bado na kofia ya kiwandani kichwani, akawapita bila kuwaona, akaingia ndani.

Kungoja kule Gesare hakuweza kukupima. Alichokumbuka baadaye ni kwamba mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, ikaisha, na mlango ukafunguka. Daktari Nelvine alitoka, amekunja mikono ya koti lake, uso umechoka.

"Hewa imeanza kupita," akasema. "Bado tutamlaza, na bado tutamlinda kwa karibu hadi dawa ile imtoke mwilini. Lakini kucha zimerudi rangi."

Mwalimu Chepkemoi alijifunika uso kwa mikono.

Kesho yake Nyanya Esnah alikuja hospitali mwenyewe, ameshika mkono wa Gesare kwa mkono mmoja na lile kopo la chai kwa mkono mwingine. Mamake Gesare alikuwa amemweleza yote. Nyanya hakuwa amemkaripia mjukuu wake. Alikuwa amekaa tu, akimtazama kama mtu asiyemfahamu, na hilo lilimuumiza Gesare kuliko fimbo. Walipofika mbele ya Daktari Nelvine, nyanya aliweka kopo mezani.

"Dawa yenu hii hapa, Daktari. Leo sijameza, na sitameza tena. Kitu kilichotaka kuua mtoto wa wenyewe, mimi sikitii kinywani. Nilitaka kukitupa chooni, lakini nikaona nikirudishe."

Gesare alidhani daktari atamsifu nyanya. Badala yake daktari aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akavuta kiti kingine karibu na nyanya.

"Nyanya, hujameza leo?"

"Sijameza."

"Basi nakuomba umeze sasa hivi, mbele yangu." Alimimina maji kwenye kikombe. "Jana tulikaribia kumpoteza mtu mmoja kwa sababu ya dawa hii. Leo unataka tukupoteze wewe kwa kuikosa. Moyo uliozoea kushikwa na dawa hii, ukiachiliwa ghafla, hurudi mbio kwa kishindo. Watu wamezimia kwa sababu hiyo, na wengine hawakuamka. Ikifika siku ya kuiacha, tutaipunguza kidogo kidogo, mimi na wewe."

Nyanya Esnah alilitazama kopo lake. Hakulitarajia hilo. Gesare naye alishtuka upya: kidonge kilekile, mmoja kilitaka kumwua kwa kukimeza, mwingine kingeweza kumwua kwa kutokimeza.

"Inawezekanaje, Daktari?" Gesare akauliza kwa sauti ndogo.

Daktari alimpa nyanya kidonge na maji, akangoja hadi ameze, ndipo akamgeukia.

"Mwilini tuna milango midogo, kwenye moyo na kwenye mapafu, inayofunguliwa na funguo zinazofanana. Dawa ya nyanya yako huziba matundu ya funguo ili moyo usikimbie. Kuna dawa za jamaa yake ambazo hulenga zaidi milango ya moyo. Hii haichagui. Huziba ya moyo na ya mapafu pia. Nyanya yako mapafu yake ni mazima, hivyo hana shida. Beverly ana pumu. Njia zake za hewa hutegemea milango ile ibaki wazi. Na pampu yake ya buluu ni ufunguo. Jana ilifika ikakuta tundu limezibwa. Ndiyo maana alivuta na kuvuta, isisaidie."

"Siku ile uliniuliza," Nyanya Esnah akasema ghafla. "Kabla hujaniandikia. Uliniuliza kama kifua changu hulia, kama nina sukari, kama nazimia. Nikajiambia, huyu binti mbona ana maswali mengi hivi, na mimi nimekuja na moyo."

"Nilikuwa nauliza ili nisikuue, nyanya. Ungeniambia una pumu, nisingekuandikia hii. Maswali yale ni sehemu ya dawa. Anayempa mwenzake kidonge bila maswali yale anampa nusu tu ya dawa, na ile nusu inayobaki ni hatari." Akamtazama Gesare, na safari hii sauti yake ilikuwa na ukali. "Jina kwenye bahasha si pambo. Hata mimi, daktari, siwezi kutoa kidonge cha mgonjwa mmoja nikampa mwingine kwa sababu namhurumia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

"Na jambo jingine. Nilipokuuliza mara ya kwanza ulisema mandazi."

Gesare aliinamisha kichwa.

"Kati ya mandazi na ukweli hapakupita muda mrefu. Ungepita mrefu zaidi, sisi tungeendelea kumpa Beverly dawa isiyoingia. Daktari haoni tumboni mwa mtu. Tunatibu tunachoambiwa."

Beverly aliruhusiwa kurudi nyumbani wiki ileile. Siku chache baadaye, jioni, Nyanya Esnah alijifunga leso yake nzuri, akamchukua Gesare na mamake, wakaenda hadi mlango wa tatu kuomba radhi. Gordon alikuwa amerudi kutoka Kisumu. Aliwakaribisha kwa adabu, akatoka nje akawaachia kina mama chumba. Beverly alikuwa kwenye kochi, amefunikwa blanketi, amekonda kidogo usoni.

Nyanya aliongea kwanza, mamake akafuata. Gesare alikuwa amepanga maneno mengi njiani, lakini alipomwona Jerusa, yote yakayeyuka.

"Mama Beverly, nilikosa," akasema. "Niliiba dawa, nikampa. Na daktari aliponiuliza nilidanganya kwanza. Nisamehe."

Jerusa aliweka birika chini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyochomwachomwa na moto wa kiwandani. Alimtazama Gesare kwa muda mrefu hadi mtoto akatamani sakafu ipasuke.

"Sitakudanganya, mwanangu," akasema mwishowe. "Bado nina hasira. Usiku nikisikia Beverly akigeuka kitandani naamka, naweka sikio kifuani mwake. Hilo umenipa wewe, na sijui nitaliacha lini."

Gesare alilia bila sauti.

"Lakini nilimwuliza daktari, nikamwambia, huyu mtoto asingesema ingekuwaje? Akaniambia saa hii ningekuwa natafuta jeneza. Kwa hiyo sikiliza. Ulitaka kumsaidia, najua. Wema usio na maarifa unaweza kuzika mtu. Hukuwa unajua dawa ile, na usichokijua usikitie kinywani mwa mwenzako, hata ukimpenda vipi. Hilo la kwanza. La pili, ulipokosa uliogopa, na kila mtu huogopa. Lakini uliogopa na ukasema. Watu wazima wengi wangenyamaza, wakaja matangani na mboga mkononi. Kosa lako sitalisahau. Ukweli wako nao sitausahau."

Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, nilikwambia nini kuhusu dawa za watu?"

"Nisimeze," Beverly akasema kutoka kwenye blanketi.

"Ukameza."

"Nikameza, Mama."

"Basi mko wawili," Jerusa akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Akasogea kidogo kwenye benchi aliloketi. "Gesare, kaa hapa. Chai iko tayari."

Gesare alikaa kando yake, na Jerusa akamtilia kikombe mwenyewe, kimejaa hadi ukingoni.